Habib Saleh wa Lamu na Kipimo cha Mwalimu wa Dini

Katika miji ya Waswahili mwalimu wa dini hupimwa kwa mambo mengi: ukoo wake, mashehe waliomsomesha, vitabu alivyovihitimu, na wingi wa wanafunzi wake. Mambo hayo huweza kuthibitishwa kwa maandishi. Lakini kipo kipimo kingine ambacho watu hukitaja zaidi, nacho ni ikhlasi, yaani kufundisha kwa ajili ya Mungu pasi na kuitafutia nafsi mali, cheo wala sifa. Mwanahistoria hupata taabu kukitumia kipimo hiki, kwa kuwa wasimulizi wa ikhlasi ya mwalimu huwa ni wanafunzi wake, wala si desturi ya mwanafunzi kuandika aibu ya mwalimu wake.

Kipimo chenyewe ni cha kale. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulum al-Din kwamba yampasa mwalimu amfuate Mtume kwa kutotaka ujira wa elimu. Yeye mwenyewe mwaka 1095 alikuwa ameacha kiti cha ualimu katika mji wa Baghdad, kilichokuwa na heshima kubwa katika zama zake. Hata hivyo, kuacha cheo si ushahidi uliotimia. Mtu aweza kuacha utukufu mdogo ili apate mkubwa zaidi, na sifa ya uchaji nayo ni aina ya mali. Basi ushahidi utafutwe wapi? Historia ya Lamu yatoa jibu moja linalostahili kutazamwa.

Sayyid Saleh bin Alawi Jamal al-Layl alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akahamia Lamu, na huko akafariki mwaka 1935. Ajulikana zaidi kwa jina la Habib Saleh. Neno hilo la Kiarabu lina maana ya mpenzi, na ndilo Wahadhrami wawaitalo masharifu wao.

Lamu aliyoikuta ilikuwa mji wa madaraja. Waungwana walikaa katika nyumba za mawe, na elimu ya juu ya dini ilikuwa karibu milki ya koo chache. Watumwa na wageni mafukara walikaa pembezoni, katika vibanda vya udongo vilivyoezekwa makuti. Utumwa haukukomeshwa na sheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, na fikira zake zilidumu baada ya sheria.

Sharifu wa ukoo wake hakukosa njia ya kuishi kwa raha katika mji huo. Heshima ya nasaba ilikuwa imekwisha kumtangulia, na zawadi za matajiri zingalimfuata. Lakini Habib Saleh alikwenda kukaa nje ya mji wa mawe, upande wa Langoni, kwenye mchanga, akawafundisha wale ambao hawakuwa na kitu cha kumlipa. Huko ndiko kulikojengwa Msikiti wa Riyadha, ambao chuo chake kilikuja kupata wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani. Aliwasomea Maulidi ya Simt al-Durar, yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun katika Hadhramaut, yakasomwa kwa kupigwa matari, nao walioonekana wanyonge wakapata nafasi katika ibada.

Jambo hili liliwachukiza wengi. Wapinzani walilaumu matari kupigwa msikitini, na kuchanganyika kwa watu wa kila daraja katika darasa moja. Na hapa ndipo ushahidi ulipo. Sifa za wanafunzi zaweza kutiwa chumvi, lakini mpinzani hana sababu ya kumzulia mtu wema. Alipomlaumu Habib Saleh kwa kukaa na watu duni, alithibitisha bila ya kukusudia kwamba sharifu huyo aliiweka hatarini heshima yake kwa ajili ya watu wasioweza kumrudishia.

Si wote wanaoridhika na maelezo haya. Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu dini katika mji wa Lamu, alionyesha kwamba habari ya masharifu, waungwana na watumwa ilihusu pia mamlaka na heshima. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Waliofundishwa walimpa mwalimu wao utii ambao waungwana hawakuweza kuununua, naye aliwainua wanyonge pasipo kuondoa daraja ya masharifu wenyewe. Uongozi wa Riyadha nao ulibaki katika ukoo wake.

Lakini yafaa mambo yapangwe kwa wakati wake. Utukufu ulikuja mwisho. Mwanzoni palikuwa na kibanda, mchanga na lawama. Anayetafuta sifa huanza na wenye uwezo wa kuitoa, na watumwa wa Lamu hawakuwa na uwezo huo. Wala elimu aliyowapa haikuwa ya kuwafanya wamhitaji daima, kwa maana mtu aliyekwisha kusoma aweza kumsomesha mwenziwe, na wanafunzi wa Riyadha walitoka wakafundisha kwingineko.

Mwanahistoria hawezi kuingia moyoni mwa mtu aliyekufa. Awezalo ni kuuliza mambo matatu: mwalimu alimfundisha nani, alipoteza nini alipoanza, na mwanafunzi alipewa nini cha kusimama nacho peke yake. Kwa maswali hayo, Habib Saleh hahitaji kutetewa kwa karama wala kwa mashairi ya sifa. Kila mwaka katika Mfunguo Sita wageni hukusanyika Lamu kwa Maulidi, na mahali wanapopaendea ni pale pale pembezoni, ambapo hapo zamani mtu mwenye cheo aliona haya kukaa.