Embe Lililovuka Pasifiki

Kabla Wahispania hawajatia mguu Mexico, wachuuzi wa masoko ya Waazteki walikuwa wakiuza salsa, yaani michuzi ya pilipili, zilizo tayari. Bernardino de Sahagún, mtawa wa Kihispania aliyefika huko mwaka 1529, alikusanya habari zao kwa Kinahuatl, lugha yao: pilipili za namna nyingi, nyanya, mbegu za maboga. Ni jambo la kushukuru kwamba alijali hata chakula cha sokoni.

Zana ya kutengenezea salsa ni molcajete, kinu cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu. Ukilipapasa jiwe lake utahisi vitundu vinavyokwaruza vidole. Ndivyo vinavyochana ganda la pilipili na kuipondaponda nyanya bila kuifanya uji.

Embe, ambalo siku hizi msimu wa joto hukatwakatwa na kuchanganywa na pilipili, vitunguu, giligilani na ndimu kuwa salsa, halikuwapo katika masoko hayo ya kale. Asili yake ni Asia. Kuanzia 1565 hadi 1815 merikebu za Kihispania zilikwenda na kurudi kati ya Acapulco, Mexico, na Manila, Ufilipino, zikipeleka fedha na kuleta hariri na vyombo vya kaure. Kwa njia hiyo embe la Ufilipino likapata shamba jipya, na hadi leo Wameksiko wana aina wanayoiita Manila. Vitunguu maji, giligilani na ndimu navyo vilitoka ng'ambo.

Pilipili nayo ikatoka Amerika kwenda ng'ambo. Wareno waliisambaza Afrika na India, na sasa wauza maembe mabichi wa Mombasa huyachanja na kuyapaka chumvi na pilipili ya unga.