Reli Iliyopita Ifakara kwa Sababu ya Salisbury

Kutoka Ifakara hadi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, ni zaidi ya kilomita elfu moja hata kwa ndege. Mwaka 1965 mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero hakuwa na haja yoyote ya kumjua Ian Smith. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba Smith alichangia kuleta reli bondeni kuliko mbunge yeyote aliyewahi kuiomba.

Tarehe 11 Novemba 1965 Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaitaka Uingereza imzime kabla ya 15 Desemba, la sivyo wanachama wavunje nayo uhusiano. Siku ilipofika, nchi nyingi zilipata udhuru. Tanzania ilivunja, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukakwama. Mapema mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilikuwa imeondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya ofisi ya Ujerumani Mashariki iliyokuwapo nchini. Kwa nchi yenye umri wa miaka minne, ule ulikuwa mwaka wa gharama.

Vijana wenzangu huuliza: tulipata nini? Kwa habari ya kuvunja uhusiano na London, jibu langu ni fupi: karibu hatukupata kitu. Smith hakutikisika. Zimbabwe ilipata uhuru Aprili 1980, na pauni zile tulizikosa sisi. Heshima tuliipata, ndiyo, lakini heshima haichimbi visima.

Reli ni habari nyingine. Shaba ya Zambia ilikuwa ikipita kusini, mikononi mwa Smith na Wareno. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema mwaka 1964 kwamba njia ya Dar es Salaam haitalipa, na kwa hesabu ya vitabu haikukosea sana, kwa kuwa njia ya kusini ilikuwapo tayari. Kilichokosekana katika hesabu ile ni bei ya kumtegemea mtu anayeweza kukufungia mlango. China ilikubali, nayo haikuja kwa mapenzi matupu: ilikuwa imekosana na Washington na Moscow pia, ikitafuta marafiki na kiti cha Umoja wa Mataifa, ambacho ilikipata mwaka 1971. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, kwa mkopo usio na riba wa kulipwa kwa miaka thelathini. Sehemu ya gharama za humu ndani ilitokana na bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani mwetu, kwa hiyo mtu aliyenunua kitambaa alikuwa akijenga reli bila kujua.

Ukitaka kuona msimamo wa kisiasa kwa milimita, nenda Kidatu. Reli ya Kati na tawi lake linalotoka Kilosa ni la upana wa milimita 1,000. TAZARA ni 1,067, kipimo cha Zambia na kusini yote. Tulijenga kwa kipimo cha jirani, na treni zetu wenyewe zikawa haziwezi kuingia katika reli yetu mpya. Mizigo ilipata kituo cha kuhamishiwa pale Kidatu mwaka 1998 tu. Na hapohapo Kidatu kuna bwawa la umeme lililojengwa kwa fedha za Sweden na Benki ya Dunia, wakati Ifakara Waswisi walikuwa na maabara ya utafiti tangu 1957. Wachina, Wasweden na Waswisi katika bonde moja: kutofungamana na upande wowote sijawahi kukuona waziwazi kuliko hapo.

Historia haikuwa na shukrani. Oktoba 1978, miaka miwili tu baada ya reli kukabidhiwa, Kaunda alifungua tena njia ya Rhodesia ili apate mbolea kabla ya mvua. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imesongamana na TAZARA haikumudu. Dar es Salaam ilinuna. Mimi simlaumu Kaunda. Mahindi hayasubiri ukombozi. Uhuru wa Afrika Kusini ulipokuja mwaka 1994, sababu ya kisiasa ya kukwepa kusini ikaisha kabisa.

Wakati huo abiria wa Mlimba na Ifakara walikuwa wameshaifanya yao. Mchele, ndizi na kuku vilipanda treni za kusimama kila kituo, na vijiji vikaota kandokando ya reli. Jamie Monson ameandika kitabu kizima juu ya biashara hiyo. Hakuna aliyeipanga Beijing wala Lusaka.

Septemba 2024 marais wa nchi zote tatu walikuwa tena Beijing, wakishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Marekani nayo inasukuma njia ya Lobito, Angola, kwa ajili ya shaba ileile. Safari hii yanayozungumzwa ni tani na marejesho ya mtaji, na sijasikia mtu akiulizia treni ya kusimama Mlimba.