Mwamshaji wa Alfajiri

Yamo katika Kiingereza maneno mawili mafupi, "knock" na "up", ambayo kila moja likiwa peke yake halimsumbui hata mwanafunzi wa siku ya kwanza, kwa kuwa la kwanza ni kugonga na la pili ni juu. Lakini yakiambatana huzaa maana za kumtatiza mgeni: kuandaa chakula kwa haraka, kumchosha mtu hata nguvu zimwishie, kumwamsha kwa kubisha mlango wake na, kwa desturi ya Marekani, kumtia mwanamke mimba. Maana ya uchovu ilitumiwa sana na wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19, ilhali ile ya mimba ilienea zaidi ng'ambo ya Atlantiki. Lakini iliyonishika moyo ni ile ya kuamsha, kwa sababu ndani yake mmezikwa kazi ya watu.

Maana hiyo ilikuwako tangu karne ya 17, ila iligeuka kuwa kazi ya ujira baada ya viwanda vya pamba kuenea Manchester na miji ya Lancashire. Mtu ambaye wazee wake waliamshwa na jogoo alijikuta chini ya amri ya kengele ya kiwanda, na aliyechelewa alikatwa mshahara, hali saa ya kuamshia ilikuwa ghali kwa maskini. Ndipo akatokea mwamshaji, mwanamume au mwanamke, akipita vichochoroni gizani, mkononi ufito mrefu wenye nyaya nyembamba nchani, akilikwaruza taratibu dirisha la ghorofani, wala asibanduke mpaka auone uso wa mteja wake nyuma ya kioo. Huko Durham, wachimba makaa walikuwa na vibao vya jiwe kwenye kuta za nje za nyumba zao. Mchimbaji aliandika kwa chaki saa ya zamu yake, kisha akaingia kulala. Kila nikifikiri chaki ile huona amana kubwa, mtu kuiweka riziki ya wanawe mikononi mwa mpita njia.

Askari polisi nao waliifanya kazi hiyo katika doria zao ili kujiongezea kipato. Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 1888, askari Jonas Mizen alikuwa akiwaamsha watu mashariki ya London, wakamjia wanaume wawili waliokuwa njiani kwenda kazini, wakamweleza habari za mwanamke aliyelala chini katika njia ya Buck's Row. Naye alikuwa Mary Ann Nichols, ameuawa. Mashariki hiyo hiyo, katika miaka ya 1930, Mary Smith aliwaamsha wateja wake kwa kuzipuliza njegere kavu kutoka katika mrija hadi zikagonge vioo vyao.

Saa za kengele ziliposhuka bei, waamshaji wakapungua mwaka hata mwaka, ingawa katika baadhi ya miji ya kaskazini walidumu mpaka miaka ya 1970. Mimi niliielewa kazi yao upesi, kwani utotoni mwetu, mwezi wa Ramadhani, mpiga ngoma ya daku alipita mtaani usiku wa manane, na nyumba ambayo haikuwasha taa aliirudia, akasimama chini ya dirisha na kupiga tena, mpaka mtu wa ndani aitike.