Jina la mteja linatoka namna gani?

Kuingiza jina la mteja ndani ya programu ni rahisi. Kulitoa njo kulileta kazi. Mbele ya 1970, mara nyingi mutu wa biro alimungojea mwandishi wa programu, juu yeye njo alijua njia ya kufikia data. Mwaka ule Edgar Codd wa IBM akaonyesha kwamba data inaweza kukaa katika majedwali, ukaiuliza bila kujua imelala wapi. Mu 1974 Chamberlin na Boyce wakatoa luga ya kuuliza, ile tunaita leo SQL.

Halafu 1999 Salesforce ikazaliwa San Francisco, na orodha ya wateja ikahama: haiko tena kwa mashini ya kampuni, iko kwa mwenye programu, ku intaneti. Wateja ni wako, nyumba ni ya mwingine! Mu 2000 wakafungua API, programu nyingine ikaweza kuomba data yenyewe, bila mutu kunakili jina kwa jina. Mimi naona hatua hii ilipita zote. Ila programu ile ngeni ilipewa mara nyingi neno la siri lenyewe, mlango wote wazi. OAuth 2.0 ya 2012 ikaweka kanuni ya kutoa ufunguo mdogo, wenye mpaka, ambao mwenye orodha anaweza kuufuta.