Trauti Walikuja kwa Mabega ya Wapagazi

Wasikilizaji wenye wajukuu wameniuliza: kwa mtu asiyewahi kushika mshipi, mto upi wa trauti ni rahisi? Nitajibu, lakini kwanza tumjue samaki mwenyewe, maana si mzaliwa wa mito yetu.

Aliletwa. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua. Shehena ilikuja kwa meli, ikapandishwa gari moshi. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Nyeri, kwa hiyo safari ilimalizikia mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini.

Grogan huyo huyo, mwaka 1907, aliongoza walowezi kuwachapa viboko hadharani wavuta riksho watatu Wakikuyu, mbele ya mahakama ya Nairobi. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Nalikumbusha hilo ili tuelewe samaki huyu aliletewa nani. Hakuletewa mpagazi. Wakikuyu wenyewe kwa mila hawakuwa walaji wa samaki. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliitangaza misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwa eneo la marufuku. Mwafrika aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Wapiganaji wa Mau Mau walikunywa maji ya vijito hivyo wakiwindwa, huku trauti wakiogelea miguuni pao.

Ndiyo sababu naona ni jambo kubwa babu wa Nyeri anapomshika mjukuu mkono na kuteremka naye mtoni bila kuogopa mtu. Samaki mkunje angali mbichi, na mtoto naye afundishwe mapema.

Sasa mto upi? Gura wa juu mwachieni fundi: unateremka kwa kasi katika mabonde ya kina. Anayeanza atazame magharibi ya Mlima Kenya. Thego, Naro Moru na Burguret hukatiza barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, kwa hiyo mzee hatalazimika kupanda mlima. Tafuteni mahali ambapo maji hayapiti magoti ya mtoto, ukingo ni wa nyasi, na hakuna matawi ya kunasa ndoana. Nendeni wakati wa kiangazi, maji yakiwa maangavu. Mkiona wingu zito juu ya mlima, tokeni mtoni, kwa kuwa maji hujaa ghafla. Ulizeni habari za leseni kwanza, na mwombeni ruhusa mwenye shamba la ukingoni.

Lakini mto rahisi hautabaki rahisi wenyewe. Trauti hutaka maji baridi, safi na yanayotembea. Msitu ukikatwa, jua hupiga mto na udongo huingia ndani. Pampu zikizidi, mkondo husinyaa, na trauti huwa wa kwanza kufa. Maji ya Naro Moru na Burguret huishia katika Ewaso Ng'iro, mto ambao katika miaka ya ukame umekauka sehemu za chini, wafugaji wakabaki na mchanga. Walio juu huteka, walio chini hulia.

Kwa hiyo, babu, mkifika ukingoni msikimbilie kutia chambo. Mwonyeshe mjukuu maji yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Samaki aliyeletwa kwa starehe ya wachache leo anatupimia afya ya maji ya wengi. Siku mtakaporudi mkamkosa, ulizeni upesi kumetokea nini huko juu.