Mfumo huria katika tarakilishi ya nyumbani: Ya kuzingatia kabla ya kuchagua

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, uliozinduliwa mwaka 2015. Mamilioni ya tarakilishi kote duniani ziliachwa njia panda.

Mashine hizo hazikuzimika. Huwaka kila asubuhi kama kawaida, nazo barua na picha za mwenyewe zingali ndani. Kilichokoma ni kazi ya kuziba mianya ya usalama ambayo wezi wa mitandaoni huigundua mwezi baada ya mwezi. Ni kweli kwamba kampuni hiyo iliandaa mpango wa muda wa kuwaongezea watumiaji wa nyumbani masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini huko kulikuwa kuahirisha tatizo tu.

Mrithi wake, Windows 11, hakubali kila mashine. Hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, na prosesa ambazo nyingi zilianza kuuzwa karibu mwaka 2018. Hapa Kenya, ambako familia nyingi hununua tarakilishi zilizokwisha kutumika ng'ambo, sharti hilo huziacha nje mashine nyingi ambazo hazina kasoro yoyote.

Mwenye mashine kama hiyo hujikuta na njia tatu zisizopendeza: kununua nyingine, kuendelea kutumia mfumo wenye mianya, au kumwendea fundi amwekee nakala ya wizi, ambayo aghalabu huja na virusi vyake. Ipo njia ya nne, nayo ni kuweka mfumo endeshi huria.

MAANA YA MFUMO HURIA

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoongoza kazi zote za tarakilishi: kuiwasha, kutunza faili, kuzungumza na printa na kuendesha programu nyingine. Mfumo huitwa huria iwapo msimbo wake uko wazi, na kila mtu ameruhusiwa na sheria kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Kwa hivyo, kumnakilia jirani mfumo huria si wizi. Fundi akitoza ada, anatoza kazi ya mikono yake.

Chimbuko lake ni la miaka mingi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huru kwa watu wote. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliandika kiini kilichokuja kuitwa Linux. Viwili hivyo vilipoungana, mfumo kamili ukapatikana.

Msomaji anayedhani Linux ni jambo geni huenda analo mfukoni. Simu zote za Android huendeshwa kwa kiini hicho hicho.

Kwa kuwa msimbo uko wazi, makundi mbalimbali yameuandaa kwa namna zao na kuipa mifumo yao majina tofauti. Hapo ndipo anayeanza hutatizika, kwa sababu mifumo yenyewe ni mamia na kila mmoja una mashabiki wanaousifu.

KWANZA ITAZAME MASHINE

Kosa la wengi ni kuuliza mfumo upi ni bora kabla ya kujua mashine yao ina nini. Mambo matatu yatazamwe.

Kwanza ni prosesa. Mifumo mikubwa ya Linux imeacha kuhudumia prosesa za biti 32, na sasa hudai za biti 64. Mashine nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 2008 hazina taabu kwa hilo.

Pili ni RAM. Mashine yenye gigabaiti 8 yaweza kuendesha mfumo wowote kati ya itakayotajwa hapa. Yenye 4 itafanya kazi, ila mtumiaji asifungue kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja. Yenye 2 inahitaji mfumo mwepesi mno na subira.

Tatu ni diski. Nafasi ya gigabaiti 20 hadi 25 ndiyo ya chini kabisa, nayo 100 humwacha mtu apumue. Ikiwa diski ni ile ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa ya SSD huongeza kasi kuliko badiliko jingine lolote.

Baada ya hapo, orodhesha kazi ambazo jamaa zako hufanya kwa tarakilishi hiyo kila wiki. Orodha hiyo itakufaa zaidi kuliko sifa za mashabiki.

MIFUMO INAYOMFAA ANAYEANZA

Linux Mint ndio mfumo wa kwanza tunaoupendekeza kwa nyumba nyingi. Ulianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Sura yake haimtishi aliyezoea Windows, kwani menyu iko pembeni chini, saa upande wa pili na faili katika folda. Matoleo yake makuu hujengwa juu ya Ubuntu na hutunzwa kwa takriban miaka 5. Huja kwa sura tatu: Cinnamon iliyo kamili, MATE ya wastani, na Xfce iliyo nyepesi kwa mashine dhaifu.

Ubuntu ulitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake latoka lugha za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Kati ya 2005 na 2011 kampuni hiyo ilituma diski za bure kwa posta kwa aliyeomba popote duniani.

Nguvu ya Ubuntu ni wingi wa watumiaji, kwani tatizo lolote likikupata, yamkini kuna aliyekwisha kulitatua na kuandika. Chagua toleo la LTS, linalotoka kila baada ya miaka miwili mwezi wa Aprili na kutunzwa kwa miaka 5. Hata hivyo, sura yake ni tofauti na ya Windows, na huhitaji mashine yenye nguvu kidogo.

Zorin OS, uliobuniwa Ireland na ndugu Artyom na Kyrill Zorin, umetengenezwa makusudi kwa wanaohama kutoka Windows. Lipo toleo la Pro linalouzwa, lakini lile la Core ni la bure na latosha nyumbani.

Kwa mashine dhaifu, Lubuntu na Xubuntu ni jamaa wa Ubuntu waliopunguzwa uzito.

Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na ndio msingi wa Ubuntu, husifika kwa uthabiti, nao Fedora kwa upya wa programu zake. Yote ni mizuri, ila Debian huacha mambo zaidi mikononi mwa mtumiaji, na kila toleo la Fedora hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu. Arch na Gentoo iachiwe wanaotaka kujifunza ufundi wenyewe.

USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Uzuri wa mifumo hii ni kwamba mtu anaweza kuijaribu bila kugusa chochote kilicho katika diski yake. Hatua ni hizi:

1. Pakua faili ya mfumo kutoka tovuti rasmi. Ni faili kubwa, ya gigabaiti 3 hivi kwa Mint na zaidi kwa Ubuntu. Asiye na intaneti ya bei nafuu amwombe rafiki aliyekwisha kuipakua.

2. Iandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kila kilichokuwa katika flashi hiyo kitafutwa.

3. Zima tarakilishi, chomeka flashi, kisha iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Aghalabu huwa F12, F9 au Esc, kutegemea muundo wa mashine.

4. Chagua kujaribu, usichague kusakinisha. Mfumo utafunguka ukitokea kwenye flashi.

Sasa fanya mtihani. Je, Wi-Fi inapatikana? Sauti inasikika? Printa inachapisha? Kipakatalishi kikifunikwa na kufunuliwa, kinaamka? Fungua faili zako halisi uone zinavyoonekana. Usihukumu kasi, kwani flashi ni ya polepole kuliko diski. Mfumo ukishindwa mtihani huu, jaribu mwingine, hujapoteza kitu.

Ukiridhika, nakili picha, barua na hati zako zote kwenye diski ya nje kabla ya kusakinisha. Fungua nakala hizo kwenye mashine nyingine uhakikishe ni nzima. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, andika kwanza ufunguo wa kuirejesha.

Katika kusakinisha, utaulizwa kama ufute diski nzima au uweke mfumo mpya kando ya Windows. Jibu la kwanza likishathibitishwa, halina marejeo. Picha za arusi na za marehemu wazazi zimewahi kupotea kwa mbonyezo mmoja wa mtu aliyekuwa na haraka.

MAMBO YATAKAYOKUKWAZA

Haifai kumficha msomaji upungufu. Programu za Microsoft Office na Adobe Photoshop hazisakinishwi moja kwa moja katika Linux. Badala yake kuna LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, nayo hufungua faili za Word na Excel. Barua na majedwali ya kawaida hayasumbui, ila mpangilio waweza kusogea, na majedwali yenye amri za kujiendesha huenda yakagoma. Anayetegemea programu moja ya kazi isiyo na toleo la Linux abaki na Windows kando.

Baadhi ya michezo ya mtandaoni pia hukataa kuchezwa, hasa yenye programu za kuzuia udanganyifu. Vijana waambiwe mapema.

Kuhusu lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mwaka 2004 katika mradi wa Kilinux uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hiyo ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo, katika mifumo iliyotajwa hapa, maandishi mengi ya kwenye skrini ni ya Kiingereza.

Wala asikudanganye mtu kwamba Linux haipatwi na hatari. Virusi vyake ni vichache nyumbani, lakini tapeli anayekuomba neno la siri la benki hajali unatumia mfumo gani. Weka masasisho kila yanapotangazwa, na upate programu kutoka katika ghala la mfumo wenyewe badala ya tovuti usizozijua.

UAMUZI

Kwa kifupi, mwenye mashine ya gigabaiti 4 au zaidi aliyezoea Windows aanze na Linux Mint. Mwenye mashine yenye nguvu anayetaka msaada mwingi ajaribu Ubuntu LTS. Anayetaka sura ya Windows idumu aonje Zorin. Mwenye mashine dhaifu aelekee Mint ya Xfce au Lubuntu.

Aonje kwanza, ahifadhi nakala, ndipo asakinishe. Kisha akae na mfumo mmoja kwa miezi kadhaa badala ya kurukaruka, kwani mazoea hayaji kwa siku moja. Huenda tarakilishi iliyokuwa ikielekea jaani ikamhudumia mtoto mpaka amalize shule.