Majani ya Mwisho wa Uwanja

Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36, na reli ya kutoka pwani ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nachingwea ikabaki na uwanja wake wa ndege, na uwanja ulihitaji wafyekaji. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Kilichowashangaza majirani ni kwamba alifyeka hata kupita mwisho wa njia, mahali ambapo hatukuwahi kuona gurudumu likifika. Alifukia mashimo, aking'oa visiki. Mwaka mmoja wa njaa baba mdogo akapanda mihogo hapo. Ilipoanza kutia mizizi, baba akaing'oa yote.

"Kaka, unang'oa chakula cha watoto wangu?"

"Mdogo wangu, hapa ndipo ndege itakapokimbilia breki zikiikatalia."

"Imekimbilia lini?"

Baba hakuwa na jibu. Baba mdogo alihamia Ruangwa, na kwa miaka mingi walisalimiana misibani tu. Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa mihogo.

Baadaye sana nilisoma kwamba kanuni za kimataifa zinavitaka viwanja vikubwa viache angalau mita 90 za ardhi safi kupita ukanda wa njia, na zinapendekeza 240. Pasipo na nafasi, wenzetu hulaza matofali ya zege jepesi, linalopondeka chini ya magurudumu na kuikamata ndege. Uwanja wa John F. Kennedy, New York, uliyaweka mwaka 1996. Mwaka 1999 yakazuia ndege yenye watu 30. Nayo yana fyekeo lake: hukaguliwa yasinywe maji, na yaliyopondeka hubadilishwa.

Kwetu, tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha, kwenye njia ya mita 1,620 tu. Ikaishia majanini. Hakuna aliyeumia.

Baba alikwisha kufariki. Nilimpelekea baba mdogo gazeti lenye picha. Akalitazama kwa muda, kisha akauliza kama huko Arusha mwisho wa uwanja hulimwa. Nikamwambia sioni shamba. Juma lililofuata tulipanda basi kwenda Nachingwea. Alikuja na fyekeo lake. Majani ya kaburini yalikuwa yamefika magotini.